GUNIA LA DAGAA TWALIPIMA. MWILI WETU JE?

Ndugu msomaji, ukifika Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi na mapema, utakuta kazi imekwisha kuanza. Mitumbwi yatoka visiwani, magunia ya dagaa yashushwa, wachukuzi wapita mbio na mizigo mabegani wakiomba njia. Akina mama wamekaa kwenye vigoda vyao wakichambua dagaa, na wafanyabiashara wa mbali wazunguka wakiuliza bei. Dagaa wa soko hili hawaishii Usukumani. Huliwa hata Kongo, Rwanda na Burundi.

Sasa tazama jambo moja. Je, yuko mfanyabiashara anayenunua gunia kwa kulitazama tu? Huyo hayuko. Hata muuzaji aape kwa jina la mama yake, mnunuzi atasema: “Weka kwenye mizani.” Wala haishii hapo. Akisha kusoma kilo, hutia mkono wake ndani ya gunia, apekuepekue. Kwa nini? Kwa sababu ajua ya kuwa gunia laweza kuwa zito kwa mchanga au kwa unyevu, si kwa dagaa. Basi hupima kwanza, kisha huchungulia ndani. Hapo ndipo hutoa fedha.

Ndivyo tufanyavyo kwa dagaa. Ndivyo tufanyavyo kwa pamba pia, maana mkulima gani asiyesimama karibu na mizani siku ya kuuza pamba yake? Lakini mwili wetu, ambao hauuzwi sokoni na haununuliwi tena ukiharibika, twaupima kwa nini? Twaupima kwa macho ya jirani.

MACHO YA JIRANI

Sikiliza mazungumzo ya watu wakitoka kanisani Jumapili.

“Mwangaluka, mayu! Lo, umenawiri! Kweli mjini mnakula.”

“Asante, shangazi. Mungu anasaidia.”

Kisha apita mwingine, mwembamba, nguo zampwaya kidogo. Kwake salamu ni fupi. Akisha kupita, wale waliobaki watazamana, na mmoja asema polepole: “Umemwona? Amekwisha yule.” Hakuna atajaye jina la ugonjwa, lakini kila mtu amesikia.

Ndugu msomaji, salamu hizi mbili zimewadhuru watu wengi. Yule aliyesifiwa huenda ana shinikizo la damu wala hajui. Miaka yote asikia ya kuwa unene wake ni neema, mpaka siku moja mkono na mguu wa upande mmoja vyakataa kazi, na watu wasema amerogwa. Na yule aliyesengenywa huenda hana ugonjwa wowote. Mifupa yake ni midogo tu, kama ya baba yake na babu yake. Au huenda ni mgonjwa kweli, ana kifua kikuu kinachoponyeka, lakini kwa kuogopa maneno ajificha nyumbani, na kwenda hospitali akawahi kuchelewa.

Zamani, njaa ilipokuwa ikizunguka vijijini, mwili mnene ulikuwa dalili ya shamba jema. Si ajabu wazee wetu waliusifu. Lakini mambo yamebadilika. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Tanzania nzima mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulikuta wamefika 28. Na katika uchunguzi huo huo, 10 kati ya 100 walikuwa wembamba kupita kiasi. Basi taabu zote mbili ziko kwetu pamoja, pengine katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba moja. Macho peke yake hayatoshi kuzitenga.

KANUNI HII ILITOKA WAPI?

Huenda utauliza: “Nani aliyesema ya kuwa mtu wa urefu fulani awe na kilo fulani?” Swali lako ni jema.

Karibu miaka 200 iliyopita, katika nchi ya Ubelgiji, alikuwako bwana mmoja jina lake Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota. Yeye hakuwa mganga. Alitaka kujua mwili wa mtu wa kawaida ukoje, akawapima watu wengi. Akaona ya kuwa kwa watu wazima, uzito hauongezeki sawasawa na urefu tu, bali huongezeka kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa urefu huo huo. Hesabu yake ikakaa vitabuni muda mrefu.

Baadaye kampuni za bima za Marekani zikataka kujua ni watu gani wafao mapema, maana kila mteja akifa kampuni hulipa. Kampuni moja kubwa, Metropolitan Life, ilitoa jedwali lake la mwaka 1959 likiwagawa watu katika mafungu matatu: wenye umbo dogo, wenye umbo la kati, na wenye umbo kubwa. Jedwali hilo lilienea duniani kote. Lakini lilikuwa na upungufu: watu waliohesabiwa walikuwa wateja wa bima wa huko kwao, wamepimwa na nguo na viatu, wala jedwali halikueleza vizuri namna ya kujua kama umbo lako ni dogo au kubwa.

Mwaka 1972, mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, aliichukua tena hesabu ya Quetelet, akaipima kwa maelfu ya wanaume wa nchi mbalimbali, akaona yafaa kuliko nyingine zilizokuwako. Tangu hapo ndiyo itumikayo hospitalini. Waganga wetu huiita uwiano wa uzito na urefu. Basi tuifanye sasa, wewe na mimi.

KWANZA, PIMA UREFU

Vua viatu na kilemba. Simama ukiegemea ukuta, visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Mwenzako aweke kitabu bapa juu ya kichwa chako, kikigusa ukuta, naye atie alama kwa mkaa. Kisha pima kutoka chini hadi alama kwa futi ya fundi cherehani. Futi hiyo kwa kawaida huishia sentimeta 150. Basi tia alama ya kwanza kwenye sentimeta 100, uendelee kupima kutoka hapo. Usikadirie. Watu wengi hujiongezea urefu kwa maneno.

PILI, PIMA UZITO

Mizani iko zahanati. Iko kliniki ya mama na mtoto. Mjini wako pia watu wapimao uzito barabarani kwa fedha kidogo. Pima asubuhi kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, bila viatu, bila simu na funguo mfukoni. Ukitaka kujua kama mizani ni ya kweli, weka juu yake dumu lenye lita 20 za maji: maji yenyewe ni kilo 20, na dumu tupu ni kilo moja hivi. Mizani ikisema 26, usiiamini.

TATU, FANYA HESABU

Chukua urefu wako kwa meta, uuzidishe kwa urefu huo huo. Kisha gawanya uzito wako kwa jibu ulilopata.

Mathalani, mama ana urefu wa meta 1.60. Mara 1.60, jibu ni 2.56. Ana kilo 58. Gawanya 58 kwa 2.56: apata 22.7 hivi. Je, maana yake nini? Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi. Toka 18.5 hata karibu 25 ni uzito unaofaa. Toka 25 hata karibu 30 ni uzito uliozidi. Na 30 kwenda juu ni unene wa kupita kiasi, ambao ni hatari. Basi mama huyu yuko salama.

Kama hesabu yakuchosha, nimekufanyia. Tafuta urefu wako hapa, usome kilo zinazofaa kwa mtu mzima, mume au mke:

Sentimeta 150: kilo 42 hadi 56
Sentimeta 155: kilo 45 hadi 60
Sentimeta 160: kilo 48 hadi 63
Sentimeta 165: kilo 51 hadi 68
Sentimeta 170: kilo 54 hadi 72
Sentimeta 175: kilo 57 hadi 76
Sentimeta 180: kilo 60 hadi 80

Waona ya kuwa si kilo moja tu iliyo sahihi. Kati ya ndogo na kubwa pana nafasi ya kilo 14 hadi 20. Nafasi hiyo imewekwa kwa sababu watu hawakuumbwa kwa kalibu moja, kama matofali.

NNE, TAZAMA UMBO LAKO

Hapa ndipo watu wabishanapo. Mmoja asema: “Mimi si mnene, nina mifupa mizito.” Tumpime basi, tusibishane.

Zungusha futi ya fundi kwenye kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa, upande wa kiganja baada ya ule mfupa uliochomoza. Gawanya urefu wako kwa sentimeta ulizozipata. Kwa wanawake, jibu likizidi 11 umbo ni dogo. Kati ya 10.1 na 11 ni la kati. Chini ya 10.1 ni kubwa. Kwa wanaume, likizidi 10.4 umbo ni dogo. Kati ya 9.6 na 10.4 ni la kati. Chini ya 9.6 ni kubwa. Yule mama wetu wa sentimeta 160, kifundo chake kikiwa sentimeta 15, apata 10.7: umbo lake ni la kati.

Kipimo hiki si cha kukata kesi, ni cha kukuongoza tu. Mwenye umbo dogo asishangae akiwa karibu na kilo za chini katika jedwali. Hapo ndipo pake. Mwenye umbo kubwa aweza kukaa karibu na kilo za juu bila hofu. Lakini angalia: umbo hukusogeza ndani ya nafasi yako, halikutoi nje na kukupeleka mbali. Mifupa ya mtu mzima ni kadiri ya sehemu moja tu katika sehemu saba za uzito wake. Mtu aliyezidi kilo 20 asiisingizie mifupa.

TANO, TIA MKONO NDANI YA GUNIA

Je, wamkumbuka yule mnunuzi wa dagaa? Alisoma mizani, kisha akatia mkono ndani. Nasi tufanye vivyo hivyo, maana mizani haisemi uzito ni wa kitu gani.

Mtazame mchukuzi wa Mwaloni. Tuseme ana sentimeta 170 na kilo 78. Hesabu yampa 27. Kwa jedwali amezidi. Lakini mabega yake ni mapana kwa kazi, miguu ni migumu kama gogo, na tumbo ni bapa. Uzito wake ni wa misuli. Sasa mtazame mwenye duka aliye na urefu ule ule na kilo zile zile, lakini akikaa tumbo lakaa mapajani. Mizani yawaita ndugu, lakini wao si ndugu. Mafuta yaliyojikusanya tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yaletayo kisukari na kuudhuru moyo kuliko mafuta ya mapaja na makalio.

Namna ya kuwatenga ni rahisi, wala haitaki shule. Chukua kamba ya katani au uzi mnene. Uukate ulingane na urefu wako, toka unyayo hadi utosi. Ukunje mara mbili. Sasa uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida, bila kulivuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, nawe yakupasa kwenda kupimwa shinikizo la damu na sukari, hata kama jirani wakuambia umenawiri.

Mchukuzi wetu ana kiuno cha sentimeta 80. Nusu ya urefu wake ni 85. Ncha zakutana. Mwenye duka ana 101. Kamba imemwambia kweli ambayo rafiki zake walimficha.

MIZANI INAPODANGANYA

Wako watu ambao hesabu hii si yao. Uwajue, usije ukawatisha au ukawapoteza.

Watoto na vijana ambao bado wakua wasipimwe kwa jedwali hili. Mtoto ana kadi yake ya kliniki, na mstari wake humpandisha mwezi kwa mwezi. Mstari ukilala au ukishuka, usingoje. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 muuguzi hupima pia mkono wa juu kwa utepe wenye rangi: chini ya sentimeta 12.5 apungukiwa; chini ya 11.5 ni hatari kubwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tena kumbuka kwashakoo. Mtoto wa kwashakoo huvimba miguu na mashavu, akaonekana amenenepa, kumbe ni maji. Bonyeza unyayo wake kwa kidole gumba. Shimo likibaki miguuni yote miwili, huo si unene.

Mama mjamzito naye asitumie hesabu hii. Kuongezeka uzito kwake ni lazima. Ahudhurie kliniki, wao watamwambia kama aongezeka inavyotakiwa.

Mtu aliyevimba, hata akiwa mzima wa umri, asiamini mizani. Miguu ikivimba, huenda moyo au figo zaomba msaada. Na sisi wa kando ya ziwa tuna adui mwingine, kichocho cha tumbo, kinachowapata wavuvi, akina mama wateka maji, na watoto waogeleao. Kikikaa miaka mingi huharibu ini, na tumbo hujaa maji. Mikono na mashavu yakonda, tumbo laongezeka. Kamba ya kiuno haitakutana kwa huyo, lakini si kwa sababu ya kula. Apelekwe hospitali. Nawe usingoje kufika huko: dawa ya kichocho ipo, na watoto hupewa shuleni.

Wazee nao wahurumiwe. Mzee akipungua, mara nyingi ni misuli inayokwenda. Asiambiwe kupunguza kula bila ya mganga kusema.

UKIWA CHINI YA KIASI

Jiulize kwanza: “Nilikuwa hivi tangu ujana, au nimepungua?” Mwenye mifupa midogo ambaye kilo zake hazijabadilika miaka 10, mwenye nguvu ya kulima na kula vizuri, asitishwe na maneno ya watu. Lakini aliyekuwa na kilo 60 akajikuta na 56 katika miezi michache, bila kukusudia, huyo aende hospitali, hata kama 56 imo ndani ya jedwali. Kupungua kwenyewe ndiyo habari.

Na asiende kuomba vitamini tu. Aeleze yote: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo, nacho hupona. Kisukari pia huweza kumkondesha mtu. Wala si ugonjwa wa wanene peke yao. Hapa hapa Mwanza watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa kifua kikuu na watu wasio nacho, wakatoa habari mwaka 2011 ya kuwa kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu. Magonjwa haya mawili hushikana mikono.

Tena tusiogope kutaja virusi vya Ukimwi. Utafiti mwingine, ambao habari zake zilitoka mwaka 2015, ulifanywa Mwanza na Lusaka kwa wagonjwa 1,815 walioanza dawa hali uwiano wao ukiwa chini ya 18.5. Walitaka kujua kama vitamini na madini kwa wingi vingepunguza vifo vya wale waliokwisha kukonda. Havikupunguza. Funzo kwetu ni moja: usingoje kukonda ndipo uende kupima. Aanzaye dawa mapema, mwili ungali na nguvu, huishi na kulea watoto wake.

Mwembamba asiye na ugonjwa, aongeze chakula cha kujenga: karanga ndani ya uji, maziwa, mayai, maharage, na dagaa hawa hawa wa Kirumba, ambao huliwa pamoja na mifupa yao. Ale mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Lakini avikimbie vidonge vya kunenepesha viuzwavyo kwa siri. Baadhi yake vina deksamethasoni, dawa kali ya hospitali. Huvimbisha mashavu, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kumpunguzia mtu nguvu ya kushindana na magonjwa. Hiyo ni kutia mchanga ndani ya gunia.

UKIZIDI KIASI

Tuseme mama ana sentimeta 160 na kilo 78. Hesabu yampa 30 na kitu. Je, akate tamaa kwa kuwa jedwali lasema 63? La! Asiitazame 63 leo. Apunguze kilo 4 tu, afike 74. Hizo 4 peke yake zaweza kusaidia kushusha shinikizo la damu na sukari. Apungue nusu kilo kwa wiki, asizidi kilo moja. Apunguaye kwa haraka hurudi kwa haraka.

Wapi pa kuanzia? Aanzie kwenye chupa ya mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu kama kalori 120. Asimimine kutoka kwenye chupa; apime kwa kijiko. Kisha soda: chupa moja ina sukari kama vijiko vidogo 8 au 9. Nani kati yetu angetia vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai? Maandazi na chipsi viwe vya sikukuu. Ugali si adui, lakini mlima wa ugali ushuke, na mchicha, mlenda na majani ya kunde vipande. Samaki achemshwe au aokwe kuliko kukaangwa.

Na mwili ufanye kazi. Mama anayekaa kwenye kigoda tangu alfajiri hata jioni huchoka kweli, lakini miguu yake haikufanya kazi. Badala ya kupanda pikipiki kila mara, atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 katika wiki.

Mwenye uzito uliozidi asichekwe. Maneno ya dhihaka hayajampunguza mtu hata kilo moja.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, baba mwenye nyumba, chukua daftari la watoto la shule lililobaki kurasa. Andika jina la kila mtu mzima nyumbani, urefu wake, kilo zake, na kama kamba ilikutana. Andika na tarehe. Baada ya miezi 3, mpime tena. Hapo mtaona kama mwapanda au mwashuka, wala hamtahitaji kumwuliza jirani. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kununua futi moja ya fundi na mizani moja, watu wakapimana wakisha kusali, kila mtu akiitunza siri ya namba yake.

Nasi tuanze kuangalia ndimi zetu. Ukikutana na mwenzio njiani, usimwambie “umenenepa” wala “umekonda.” Mwulize: “Hujambo? Umepima lini?” Na kama amepungua kweli, usimseme nyuma yake. Mshike mkono, mwende wote zahanati.

Leo hii kata kamba yako, ndugu msomaji. Kabla jua halijazama, uwe umejua kama ncha zakutana.